Kwa Nini Baba Anaketi Karibu na Mlango?

Ndugu msomaji, angalia vizuri siku ya Mungu inayokuja. Pengine katika kanisa lenu kuna baba ao mama mumoja ambaye zamani aliketi mbele, pamoja na wazee ao waimbaji, na sasa anaketi kwenye benchi ya mwisho. Anafika watu wamekwisha kuanza kuimba. Anatoka mahubiri hayajakwisha. Ukimwalika kula kwako, anasema ameshiba. Watu wanaanza kunongona: "Huyu imani yake imepoa." Wengine wanasemaka mubaya zaidi.

Pengine hakuna imani iliyopoa. Pengine huyu mtu alipasuliwa kansere ya mwisho wa utumbo, na siku hizi, popote anapoingia, kitu cha kwanza anachotafuta kwa macho ni choo.

Tunajua habari hii inaleta aibu. Katika gazeti letu tunasema kwa urahisi juu ya malaria, sukari na tansion, lakini hii tunaipita mbali. Hata hivyo mtume Paulo, alipoandikia Wakorinto juu ya viungo vya mwili, hakuviacha vile tunavyovificha. Basi tafazali soma pamoja na watu wa nyumba yako, hata vijana. Ugonjwa huu hauteswi na munganga tu. Unaweza kuteswa pia na kicheko cha mtoto.

TREMI IMEONDOLEWA

Wewe uliyefanya kazi kwenye usini ya mawe utaelewa haraka. Mukanda unaleta mawe bila kusimama. Lakini mawe hayaanguki moja kwa moja ndani ya vagoni. Yanaingia kwanza ndani ya tremi, ile ghala kubwa yenye mlango chini. Tremi inayaweka, na wakati vagoni imefika, mtu anafungua. Bila tremi, kila jiwe lingeanguka saa lilipofika, vagoni ikuwe pale ao isikuwe.

Mwili wetu uko hivyo. Utumbo mnene una urefu wa karibu metre moja na nusu, na mwisho wake, karibu sentimetre 15, unaitwa rektumu. Hiyo ndiyo tremi. Inapanuka, inaweka choo, inakupatia habari: "Hii ni hewa tu, unaweza kuiacha," ao "Hii si hewa, tafuta choo, lakini uko na wakati." Chini yake kuna pete mbili za nyama. Ya ndani inajifunga yenyewe, hata ukilala. Ya nje unaifunga kwa mapenzi yako, kama vile unapokaza wakati mahubiri ni marefu.

Kansere ikishika rektumu, munganga anaikata pamoja na mafuta yanayoizunguka, kisha anavuta utumbo wa juu na kuuunganisha na sehemu ndogo iliyobaki. Sasa mukanda umefungwa moja kwa moja karibu na mlango. Utumbo uliovutwa haukuumbwa kuwa tremi. Ni mwembamba, haupanuki vizuri, na unasukuma. Mara nyingi mishipa inayoleta habari imekatwa ao imechoka, na pete zenyewe zimelegea. Ikiwa mgonjwa alipata mionzi pia, utumbo na pete vinaweza kukauka na kukakamaa.

Matokeo yake ni nini? Mtu anakwenda choo, anatoka, ananawa mikono, na mbele ya kufika mlango wa nyumba, anarudi. Anafanya hivyo mara 4 ao 5 ndani ya saa moja. Kisha siku nzima hakuna kitu. Ao haja inamkamata kwa ghafula, hawezi kungoja hata dakika kumi. Ao anafikiri ni hewa, kumbe si hewa. Waganga wanaita mambo hayo yote kwa jina moja, LARS.

ZAMANI WOTE WALIBEBA MFUKO

Inafaa ujue tulitoka wapi. Mwaka 1908, huko London, munganga Ernest Miles alionyesha ginsi ya kuondoa kansere hii pamoja na njia yote ya choo. Choo kilitoka tumboni, ndani ya mfuko, mpaka kufa. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa njia kubwa ya kuokoa mtu. Halafu mwaka 1982 munganga mwingine wa Uingereza, Bill Heald, aliandika kwamba ukiondoa rektumu pamoja na ngozi nyembamba inayofunika mafuta yake, bila kuipasua, kansere inarudi kwa watu wachache sana. Mashini za kushona utumbo kwa vyuma vidogo zilikuwa zimekwisha kuja. Tangu hapo watu wengi wanaweza kuokolewa bila kupoteza njia yao ya choo.

Ilikuwa furaha kubwa, na ni haki. Lakini kwa muda mrefu waganga walihesabu kitu kimoja: huyu yuko hai ao amekufa? Mgonjwa aliporudi na kusema, "Docteur, naenda ku choo mara 12," alijibiwa, "Shukuru Mungu, kansere haiko." Alishukuru Mungu, akarudi nyumbani, akaketi karibu na mlango.

Leo tunajua ya kwamba si watu wachache. Utafiti uliokusanya tafiti nyingine nyingi, uliotoka mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu watu 4 kati ya 10 waliounganishwa hivi wanabaki na shida hiyo kwa kiwango kikali. Juu ya mionzi, Waholanzi walifuata wagonjwa wao vizuri. Kwa wale waliopata mionzi mbele ya kupasuliwa, kansere ilirudi mahali pale kwa 2.4 kwa mia baada ya miaka miwili, wasioipata, 8.2 kwa mia. Ni faida kubwa. Lakini karibu miaka mitano baadaye, 62 kwa mia ya waliopata mionzi walishindwa kuzuia choo mara kwa mara, na 38 kwa mia kwa wale wengine. Sisemi ukatae mionzi. Nasema uambiwe bei mbele ya kununua.

MASWALI MATANO

Mwaka 2012 waganga wawili wa Denmark, Emmertsen na Laurberg, walitoa karatasi yenye maswali matano, ambayo walitengeneza kwa majibu ya wagonjwa zaidi ya 900. Hewa inakuponyoka? Choo cha maji kinakuponyoka? Unaenda choo mara ngapi kwa siku? Unarudi tena ndani ya saa moja? Haja inakukamata mpaka unakimbia?

Kila jibu lina hesabu yake, na ukijumlisha unapata toka 0 mpaka 42. Chini ya 21, hakuna shida kubwa. Toka 30 kwenda juu, shida ni kali. Lakini kinachonishangaza ni ginsi hesabu ilivyogawanywa. Ungefikiri anayekwenda choo mara nyingi ndiye anateseka zaidi. Sivyo. Idadi ya mara inapewa mpaka 5 tu. Kurudi-rudi ndani ya saa moja inapewa mpaka 11, na kukimbia kwa ghafula mpaka 16. Hesabu hiyo ilifuata kile wagonjwa wenyewe walisema kinaharibu maisha yao. Mtu anaweza kuishi vizuri na kwenda choo mara 5, kama anajua ni saa gani. Kinachomvunja ni kutojua.

Kwa hiyo ukitaka kusaidia baba yako, usimuulize, "Leo ulienda mara ngapi?" Muulize, "Leo ulikimbia?"

NINI KINASAIDIA

Kwanza, wakati. Miezi ya kwanza ni mibaya kuliko yote, zaidi sana kama ulikuwa na mfuko wa muda tumboni na sasa umefungwa. Utumbo wa chini ulikuwa umelala. Unaamka kwa fujo. Watu wengi wanaona nafuu ndani ya mwaka mmoja, wengine mpaka miwili. Kisha hali inatulia pale ilipofika, na kama bado ni kali, usingoje tena ikwishe yenyewe. Rudi kwa munganga.

Chakula. Tumbo la kila mtu lina sheria yake, kwa hiyo usimwamini jirani anayekukataza vyakula 20. Chukua daftari ya watoto, andika ulichokula na kilichotokea. Wengi wanaona kwamba pilipili, maharagi, shu, vitunguu vibichi, kahawa, pombe na mafuta mengi ya ngazi vinawakimbiza. Wali, ndizi mbivu, viazi, mkate na bukari inayokauka vizuri vinakaza choo. Sombe si zambi; jaribu kidogo, siku ambayo huna safari. Punguza chakula cha mara moja, ule kidogo-kidogo.

Jua pia kwamba chakula kikiingia ndani ya tumbo, utumbo wote unaamka na kusukuma. Ndiyo maana wengine wanakimbia choo sahani bado iko mbele yao. Basi tumia sheria hiyo. Kama ibada inaanza saa tatu, kula saa kumi na moja ya asubuhi, ngoja utumbo umalize kazi yake, kisha uvae. Lakini kuna ndugu wanaokaa na njaa tangu jana yake ili wasiaibike. Ukifanya hivyo kila mara, mwili unakwisha, na tumbo tupu linajaa hewa.

Dawa. Iko dawa ya bei ndogo inayoitwa loperamide, ambayo inapunguza mwendo wa utumbo. Inafaa kuimeza karibu nusu saa mbele ya kula, si baada ya aibu. Anza na kidogo, na munganga akuongoze, maana ikizidi inafunga tumbo. Usiimeze ukiwa na homa, damu katika choo, ao tumbo lililovimba.

Mazoezi ya pete. Kaza njia ya choo kama vile unazuia hewa mbele ya watu wakubwa. Hesabu mpaka 5, legeza, hesabu mpaka 10. Fanya mara 10, mara tatu kwa siku. Usikaze matako wala tumbo, usizuie pumzi. Unaweza kufanya hivyo umeketi, hakuna atakayejua. Usihesabu siku, hesabu miezi.

Ngozi. Usifute kwa karatasi ngumu ao gazeti (hata hili letu!). Nawa kwa maji, kausha kwa kitambaa laini kwa kugusa-gusa, na upake vazlini. Ngozi ikichomeka, kila safari ya choo inakuwa moto.

Maji ya kusafisha. Kwa wale ambao hayo yote hayatoshi, kuna njia ya kuingiza maji safi ya vuguvugu kupitia chini, kwa chombo chake, ili utumbo utoke wote mara moja, kisha mtu anakaa saa nyingi kwa amani. Wengi imewarudishia maisha. Lakini lazima munganga aliyekupasua akubali kwanza, na mtu wa kazi hiyo akufundishe.

Na hapa niseme kwa sauti. Kwetu, tumbo likisumbua, watu wanakimbilia lavema: majani, mizizi, hata pilipili, kwa pwari ile ya mpira. Kwa mtu aliyeunganishwa utumbo ni hatari kubwa. Mahali pa mshono panaweza kutoboka na uchafu ukamwagika ndani ya tumbo. Bibi mkubwa wa familia akileta mizizi yake kwa upendo wote, mpokee, mshukuru, na mizizi ibaki ndani ya kitambaa chake.

NYUMBANI NA KAZINI

Katika parsele nyingi za Likasi, Kolwezi ao Kipushi, choo ni kimoja na wapangaji ni familia tatu ao ine. Asubuhi kuna foleni. Mtu wa LARS hawezi kupanga foleni. Inaombwa mtu mmoja wa nyumba aongee na majirani, bila kueleza yote: "Baba alipasuliwa tumbo, tafazali mumupishe." Karibu wote wanakubali. Usiku, ndoo yenye kifuniko ndani ya chumba si aibu. Bido ya maji na sabuni vikae tayari, na hiyo ni kazi nzuri ya kijana wa nyumba. Begi ndogo yenye nguo ya kubadilisha, kitambaa na sachet ya plastiki isiachwe siku ya safari. Wengine wanaitembeza miaka bila kuifungua, lakini kwa sababu iko, wanatoka nyumbani.

Mama, bwana wako akihama kitanda, usifikiri kwanza mambo ya mwanamke mwingine. Pengine anaogopa kukuchafulia shuka. Tena operasio hii inapita karibu na mishipa ya mkojo na ya tendo la ndoa. Mwanaume anaweza kukosa nguvu, mwanamke anaweza kusikia maumivu na ukavu. Munganga anajua, iko misaada, lakini mara nyingi hatauliza kama ninyi hamkusema. Muende wawili.

Juu ya kazi: yule anayeshuka chini ya mgodi shift nzima, choo kiko wapi? Aombe barua ya munganga inayosema wazi "kazi ya juu, karibu na choo." Munganga wa kampuni anayeandika "amepona" na kumrudisha chini, mimi naona hajaangalia mgonjwa, ameangalia kovu. Mchimbaji anayejitegemea hana mkubwa wa kumwandikia barua. Kwake msaada ni wenzake wa kazi kumpa nafasi ya kuosha ao kupima mawe juu.

Na kanisa? Tuna makanisa yenye masanduku makubwa ya sauti, na choo kisicho na mlango. Tuna mashemasi wanaofunga choo kwa ufunguo wakati wa ibada "ili watoto wasichezee." Ufunguo huo ufunguliwe. Benchi ya pembeni iachwe bila kumuuliza mtu kwa nini anaipenda. Kwaya inaweza kumweka mwimbaji kwenye mwisho wa mstari. Siku ya kufunga chakula, mchungaji aseme mbele ya wote ya kwamba wagonjwa wanaotumia dawa wako huru, ili mmoja asilazimike kujieleza.

MFUKO TENA?

Kuna wachache ambao baada ya miaka miwili ya kujaribu yote, wanabaki wafungwa wa nyumba yao. Kwao munganga anaweza kuwapendekezea kurudi kwenye mfuko wa tumboni. Wengi wanalia wakisikia neno hilo. Lakini waganga waliokusanya tafiti 35 juu ya jambo hili mwaka 2012 hawakuweza kusema ya kwamba watu wasio na mfuko wanaishi vizuri kuliko wenye mfuko. Mwenye mfuko anajua choo chake kiko wapi. Shida ya kwetu ni nyingine: mifuko ni ya bei, haipatikani katika kila farmasi, na mbele ya kukubali inafaa familia ihesabu nani atainunua kila mwezi.

Yule ambaye bado hajapasuliwa aulize mbele: kansere iko sentimetre ngapi toka mlango? Pete zangu zina nguvu gani leo? Nitapata mionzi? Mfuko wa muda utafungwa mwezi gani, na nani atanifuata baadaye? Hata anayevuka Kasumbalesa kwenda kutibiwa Zambia, ao mbali zaidi, arudi na karatasi yenye majibu hayo, maana munganga wa hapa ndiye atakayebaki naye.

Na aliyekwisha kupasuliwa, kama damu inarudi, ao unakonda, ao tumbo linafunga na kutapika, usiseme "ni ile ile LARS." Nenda siku hiyo hiyo. Ewe kijana pia, ukiona damu katika choo, usiseme ni emoroide kwa sababu rafiki alisema. Kansere hii inashika hata watu ambao hawajafika miaka 50, na mara nyingi kidole cha munganga kinatosha kuigusa.

Siku ya kwenda kwa munganga, beba ile daftari, yenye siku 7 zilizoandikwa: ulichokula, saa uliyokwenda choo, mara ulizokimbia, mara ulizochelewa. Usiandike zile za mchana tu. Andika hata za usiku.